Mpapai wa Mfungaji

Uwanja wetu wa mpira, huku upande wa Chunyu, hauna ukuta wala jukwaa. Una safu ya mikorosho upande wa magharibi, na hiyo ndiyo heshima yote tuliyo nayo ya kumpa mtu. Mchezaji aliyeitendea timu jambo kubwa hupandiwa mkorosho, na mbele yake hupigiliwa kijiti chenye kipande cha bati lililoandikwa jina lake kwa rangi ya mafuta. Korosho zikianguka zinaokotwa na kuuzwa, na kinachopatikana kinanunua mipira na kuziba nyavu. Kwa hiyo mchezaji anaendelea kuisaidia timu hata akishanenepa na kushindwa kuikimbia mvua.

Mimi ndiye daktari wa timu, ingawa si daktari. Nilikuwa muuguzi wa hospitali ya misheni upande wa Nachingwea mpaka nilipostaafu, nikahamia huku kwenye mikorosho aliyoniachia marehemu mume wangu. Watu walipogundua kwamba najua kufunga bendeji wakanikabidhi mkoba. Ndani ya mkoba kuna bendeji, spiriti, chupa ya maji, na kopo la dawa ya kupuliza ambalo lilikwisha zamani. Mchezaji akianguka naingia uwanjani, nampulizia kopo tupu, namwagia maji, anainuka. Kwa ajili ya mkoba huo niliingizwa kwenye kamati, mwanamke peke yangu, na kwa ajili ya hasira zangu za karibu nimeachiwa niseme ninachotaka.

Jambo moja lieleweke mapema, maana bila hilo haya mengine yataonekana ni ugomvi wa miche. Huku kwetu ukimpokea mgeni unaweza kumwazima kipande cha ardhi alime. Atalima mahindi, mbaazi, ufuta, karanga, akitaka na mihogo. Mkorosho hapandi. Mahindi yakivunwa shamba linarudi kwa mwenyewe, lakini mkorosho unaishi kuliko aliyeupanda, na penye mkorosho wako pana haki yako na ya wajukuu wako. Mtu aliyeazimwa shamba akionekana anachimba shimo la mkorosho, wazee wanaitwa siku hiyohiyo. Sheria hiyo haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua, isipokuwa mgeni mwenyewe.

Mfungaji wetu alikuja na ng'ombe. Familia yake ni watu wa Kanda ya Ziwa, walioshuka na mifugo yao miaka hii ya karibuni, wakapewa mahali pa kukaa ng'ambo ya bonde. Maneno yalikuwa mengi. Ng'ombe wamekula mbaazi, ng'ombe wamechafua kisima, ng'ombe wamepita. Hilo la kupita nalo lilihesabiwa kosa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Yeye alianza kwa kusimama nyuma ya goli na fimbo yake, akitazama mazoezi, huku ng'ombe wakila majani ya kwenye kona. Siku moja mpira ukatoka ukamfuata, akaurudisha. Ulipita juu ya goli, ukavuka uwanja mzima, ukamwangusha mwenyekiti wa timu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili. Mwenyekiti alipoinuka na kukung'uta suruali alisema kijana huyo asajiliwe.

Alitufungia misimu mitatu. Alikuwa akifunga kwa namna isiyopendeza kutazama, kifua mbele, mabeki wawili wakining'inia mabegani, na mwisho wa vurugu mpira ulikuwa wavuni na mmoja wa mabeki pia. Tuliwafunga hata timu ya wachimbaji wa dhahabu, ambao kila mwaka walikuwa wakitufunga sisi na kutuonea huruma. Tukachukua kombe la kata, kombe ambalo hatukuwahi hata kulitazama kwa karibu. Halafu goti likamkataa, akaacha mpira, na nahodha akaleta hoja kwenye kamati kwamba apandiwe mkorosho.

Siku chache kabla ya kikao alikuja nyumbani kwangu. Alisema amekuja nimwangalie goti. Nilimwangalia goti, halikuwa na jipya. Akabaki amekaa.

"Mama, watanipa?"

"Kwa nini wasikupe? Kombe si umelileta wewe?"

Akasema yeye alizaliwa pengine, akakulia pengine, na kila nyasi zilipoisha walihama. Kote walikowahi kukaa hakuna kitu kilichosimama kinachoonyesha kwamba walikuwepo. Zizi likiachwa linaota majani, kwisha. Binti yake alikuwa amezaliwa hapa, kwenye zahanati yetu, na alitaka siku moja amshike mkono amwonyeshe mti, amwambie huu ni wetu. Nilimwambia atapewa. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, nadhani ili nisisikie mashaka yangu mwenyewe.

Kikao kilifanyika darasani Jumapili, baada ya misa. Kuna desturi katika vikao hivi. Mwenye kupewa mti huitwa mbele, mwenyekiti humuuliza, "Siri ya mafanikio yako ni nini?" naye hujibu, "Mungu na mazoezi," watu wanapiga makofi, kikao kinafungwa. Mwenye mti wa kwanza alijibu hivyo, wakati kila mtu anajua kwamba mechi zake kubwa zilitanguliwa na mganga aliyefukia vitu mlangoni mwa goli, na kuku wa mganga alibebwa na mwenyekiti huyuhuyu kwenye baiskeli. Mwenye mti mwingine alitamba kwenye mashindano ya vijana wadogo wakati ana ndevu na mtoto wake wa kwanza yuko shule. Naye alijibu Mungu na mazoezi, na mtoto wake akapiga makofi pamoja na sisi.

Mfungaji wetu hakujua kwamba swali lile halitafuti jibu. Alisimama wima, akafikiri kwa uaminifu.

"Mungu," alisema, "na mazoezi, na ile sindano ya maksai."

Makofi yalikuwa yameshaanza, yakafia njiani.

"Sindano gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ile wanayochomwa maksai kabla ya kuanza kulima. Ya kuongeza nguvu. Mdogo wangu alikuwa ananichoma asubuhi ya mechi." Akatutazama mmoja mmoja. "Nilidhani mnajua."

Aliagizwa akalete chupa, akaenda akaileta, bila wasiwasi, tena akiwa ameipangusa vumbi. Ilikuwa na picha ya dume la ng'ombe lenye shingo nene kama pipa, na chini yake imeandikwa kwamba ni kwa matumizi ya mifugo tu. Kipimo kilipangwa kwa uzito wa mnyama. Nikamuuliza yeye alikuwa akichomwa kiasi gani. Akasema maksai ni mkubwa mno na mbuzi ni mdogo mno, kwa hiyo alijihesabu kama ndama. Wajumbe wawili walitikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa hilo lilionyesha kiasi.

Nilimgombeza kwanza, hiyo ni kazi yangu. Nilimwambia angeweza kuota jipu, angeweza kupooza, angeweza kufa pale pale kwenye mstari wa katikati nami ningefanya nini na kopo langu. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ila sikufa."

Akaombwa atoke nje. Mwenyekiti akanigeukia. "Mtaalamu atuambie. Dawa hii inaongeza nguvu au haiongezi?"

Niliisoma chupa mbele na nyuma. Vitamini nilizitambua, vingine sikuvitambua. Nikasema kwa ng'ombe sijui, sikusomea ng'ombe. Kwa binadamu sijui, maana sijasikia binadamu mwenye akili aliyejaribu. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike kwamba mtaalamu hakukanusha.

Katekista, ambaye ni mweka hazina wetu na mtu mwenye msimamo, alisema bao la dawa si bao. Nahodha, kijana anayeongea kama redio za Dar es Salaam, akainuka. "Wazee wangu, mwamba kapiga mabao kinoma. Kombe liko sebuleni kwa mwenyekiti, juu ya kitambaa. Kama mabao feki, si turudishe kombe?"

 Kurudisha kombe halikuwa jambo ambalo mtu alikuwa amelifikiria, na ilionekana hakuna aliyetaka kuanza.

"Kombe ni la timu," alisema katekista. "Mti ni wa mtu."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikawauliza mikorosho yenyewe tunaifanyaje. Maua yakitoka tunabeba pampu mgongoni, tunaipulizia salfa mpaka kijiji kizima kinakuwa cha njano na watoto wanakohoa hadi kanisani. Usipopulizia, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua na huokoti kitu. Nani aliwahi kwenda mnadani akaambiwa korosho zako si halali, mti wako ulitumia dawa?

"Mkorosho haushindani na mtu," mwenyekiti alisema.

"Na yule kuku wa baiskeli?"

Akatazama juu, kwenye mbao za paa. "Kuku yule hakuingia mwilini mwa mchezaji."

"Aliingia mwilini mwako. Paja ulikula wewe."

Kikao kikaahirishwa.

Wiki hiyo nilimpigia simu mwanangu aliyeko Dar, kumlalamikia tu, maana nikikasirika lazima mtu mwingine ajue. Akacheka. Akasema huko Marekani kuna mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, na kuna wapigaji wakubwa waliovunja rekodi zote, halafu ikasemekana walikuwa wakitumia dawa za kujaza misuli, na mpaka leo wako wanaowanyima kuingizwa kwenye jumba la heshima na wako wanaowatetea. Watu wazima wenye kazi zao, alisema, wanagombana juu ya hilo kila mwaka. Nikamuuliza wakikubaliwa wanapandiwa nini. Akasema hawapandiwi kitu, uso wa mtu unachongwa kwenye shaba na kubandikwa ukutani. Nikaona wenzetu mambo yao mepesi. Shaba haihitaji ardhi.

Mwenyekiti alikuja kwangu mwenyewe kabla ya kikao cha pili. Si mtu mbaya, na niseme hilo hapa kwa kuwa nimemsema mengine. Msimu uliopita ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mbaazi zake na kubakiza mabua, na hakumpiga mtu. Alikunywa chai, akasifu chai, kisha akasema lililomleta.

"Mama, dawa mimi haijaninyima usingizi. Hata angejichoma kama maksai mzima. Tatizo ni mti."

"Mti ni wa timu."

"Wewe unajua, mimi najua. Baba yake akisimama pale kesho akasema mwanangu ana mkorosho hapa, wajukuu wetu watajua nini? Mkorosho ni mkorosho."

 Nilimwambia kama ni ardhi aseme ardhi kikaoni, asimfiche mtu nyuma ya sindano. Akasema kikaoni hawezi kusema hivyo, itaonekana ni ubaguzi. Tukaagana vizuri.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Ilitolewa hoja kwamba, kwa kuzingatia suala la dawa, mchezaji apewe mti, lakini usiwe mkorosho. Mtu akataja mwembe, ukakataliwa haraka kuliko nilivyotegemea. Ukatajwa mgomba, mzee mmoja akaeleza kwamba mgomba ni mjanja, unakufa wenyewe na kuacha watoto. Mwisho ukapatikana mpapai. Mpapai hauna ubishi. Unapanda, unakula, unaanguka, shamba linabaki lilivyokuwa. Tulipinga mimi na nahodha tu, na nikatukana kidogo, kwa Kimwera, ili katibu asiyejua Kimwera asipate cha kuandika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulimpa, jezi tukampa, tulipofika kwenye mche tukampa mpapai.

Siku ya kupanda alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na ndoo ya samadi iliyooza vizuri. Mkewe alikuwa na binti yao mgongoni. Baba yake, mzee mrefu wa kofia na fimbo, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni, alisimama pembeni yangu. Mwenyekiti alihutubia kuhusu nidhamu ya michezo. Mfungaji akachimba shimo, akamimina samadi, akauweka mche, akaukandamiza kwa viganja kwa uangalifu mwingi. Bati lake lilipigiliwa. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja, akasema si kitu.

Mzee aliutazama ule mche muda mrefu. Kisha akaniinamia. Aliniita mayu, ambalo kwao ni mama.

"Mayu, mti huu unakaa miaka mingapi?"

Ningeweza kumdanganya. "Mitatu, minne," nilisema. "Ukitunzwa sana, mitano."

Akatikisa kichwa polepole. Akamgeukia mke wa mwanawe na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayepanga safari tu, "Basi wametupa mitano."

Niliona aibu. Hasira ambayo haijawahi kunikosa siku yoyote niliyoihitaji, siku hiyo haikuja, ikaja aibu peke yake, na nikabaki nimeshika mkoba wangu kama mtu aliyeitwa kumhudumia mgonjwa asiyejulikana yuko wapi. Mfungaji alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Alitabasamu, akanishukuru kwa yote.

Mpapai ule ulikua kwa kasi ya kutisha. Kila wiki alikuja na ndoo yake, na samadi ya ng'ombe walewale waliokula mbaazi iliufanya mti uwe na shina la kukumbatia na mapapai ya kubeba kwa mikono miwili. Kamati iliyala wakati wa mapumziko, mechi baada ya mechi. Katekista alikula. Mwenyekiti alisema hajawahi kuonja papai tamu namna ile, na hakuuliza umelishwa nini.

Miaka mitano hawakuingoja. Kiangazi kimoja kilirefuka sana, majani yakaisha bondeni, maneno ya kisima yakaanza upya, na ndugu zao waliotangulia wakawaita upande mwingine wa mkoa. Waliondoka asubuhi, ng'ombe mbele. Alipita kuniaga na kuniachia maziwa kwenye kibuyu. Aliniomba niutazame mpapai.

Niliutazama mpaka upepo wa mvua za kwanza ulipouangusha. Ulikuwa umeshazeeka, majani machache juu, ukalala kukatiza uwanja na mechi ikacheleweshwa. Bati lilibaki kwenye kijiti chake, peke yake, mwisho wa safu. Mwenyekiti akasema bati liondolewe kwa kuwa mti haupo tena. Nikamwambia nitaliondoa mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda na jembe na mche wa mkorosho kutoka kwenye kitalu changu, wa kubebeshwa, mzuri kuliko wowote nilioupanda kwangu. Mimi ni mwenyeji, hakuna wa kuniitia wazee. Nilichimba palepale ulipokuwa mpapai, udongo ulikuwa bado mweusi kwa samadi. Nilipokuwa nafukia, mwenyekiti akapita na baiskeli, akasimama. Aliutazama mche, akalitazama bati, akanitazama mimi. Nilikuwa tayari kwa lolote, jembe liko mkononi.

"Umeusogeza mno kwenye kona," alisema. "Utawazuia wanaopiga kona."

Nikausogeza kidogo. Akapanda baiskeli yake akaenda. Jambo hilo halijawahi kufikishwa kwenye kamati.

Mfungaji hunipigia simu siku za sikukuu. Mara ya mwisho alisema binti yake ameanza shule, na mwalimu aliwaambia waeleze walikozaliwa, na yeye akasema amezaliwa mahali ambapo baba yake ana mti. Wenzake hawakumwamini.

"Mama," alisema, "mpapai wangu bado upo?"

"Upo," nikasema. "Ila umebadilika majani."

 Nilisikia ng'ombe huko alikokuwa, na mtu akiwapigia mluzi. 

"Umebadilika vipi?"

"Sasa ni wa kupuliziwa salfa."

Alimwambia mtu wa mluzi asubiri. 

"Umeshaupulizia?"

"Bado ni mdogo," nilimwambia. "Ukitoa maua nitaupulizia, kama mingine yote."